Nywele za Isamu

Kila Ijumaa alasiri, akishatoka msikitini, Nassoro alichukua kipande cha mkaa na kuchora dunia kwenye sakafu ya ua wake. Kisangani, mji ambao Wazungu waliuita Stanleyville, ulikuwa kizingitini. Kutoka hapo mkaa ulifuata barabara ya malori hadi Bukavu na Usumbura, ukavuka ziwa hadi Kigoma, ukapanda garimoshi hadi Dar es Salaam. Bahari ilianza penye kinu cha kutwangia mpunga. Bombay ilikuwa jiwe la kunolea visu. Na mbali kabisa, chini ya ukuta ambapo kuku walipenda kujikunyata, ilikuwapo Japani, na ndani ya Japani korongo la mto lililoitwa Kurohazama.

"Papa Zaituni, kuku imekunya tena kwa Japani," alisema Madina, mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Nitafagia."

"Fagia mbio. Watu wa kule watasema sisi ni wachafu, na bado haujafika."

Ulikuwa mwaka wa 1956, na safari hiyo ilikuwa imepangwa kwa miaka mingi kiasi kwamba majirani waliizungumza kama jambo la hali ya hewa. Nassoro alikuwa mwuguzi. Wakati wa vita kuu alipelekwa Burma pamoja na hospitali ya jeshi la Kongo, na huko, chini ya turubai lililovuja, alikabidhiwa mfungwa wa Kijapani ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza. Mfungwa huyo aliitwa Isamu. Hawakuwa na lugha ya pamoja, hadi siku Isamu alipookota kipande cha boksi la bendeji na kuchora kwao kwa kalamu ya risasi: kuta mbili za mawe zilizokaribia kugusana huko juu, maji membamba kati yake, na mashua bapa yenye mtu aliyesimama nyuma, akiisukuma kwa upondo. Kisha akafungua kinywa na kuimba kidogo, akanyamaza, akatega sikio, akacheka. Nassoro alielewa: mwenye mashua huimba, na mawe humwitikia.

Akageuza boksi na kuchora yeye pia. Alichora maporomoko ya Wagenia, wavuvi wa kwao, miti iliyosimamishwa ndani ya maji makali, na vikapu vikubwa vya kutegea samaki vikining'inia kwa kamba. Isamu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akapeleka mkono kifuani. Watu wawili waliozaliwa kando ya mito yenye hasira walikuwa wamejuana.

Mguu haukupona. Siku za mwisho Isamu alikuwa akifungua na kufunga vidole viwili kama mkasi, na Nassoro hakufahamu mpaka alipoletwa mkalimani wa jeshi. Mkalimani alieleza kwamba kwao, mwili usiporudi nyumbani, nywele na kucha hurudi, ili mama apate kitu cha kuzika. Mama wa Isamu alikuwa mjane, akiwapikia wali wasafiri penye gati la mashua, kule korongoni. Nassoro alizikata kwa mkono wake mwenyewe asubuhi mtu yule alipokata roho. Alizitia katika kopo la plasta, akalihifadhi jina Kurohazama kama mtu anavyohifadhi aya, na akaapa mbele ya maiti kwamba atazifikisha.

Aliporudi Kisangani baada ya vita, alishuka melini akiwa amevaa sare, na kopo lile lilikuwa mfukoni. Watu walimkimbilia gatini. "Karibu, Papa Zaituni! Papa Zaituni amerudi!" Alisimama ameduwaa. Alipoondoka, Madina hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya mimba, na barua zilizomfuata kule zilipotea njiani. Kumbe alikuwa baba! Hakuuliza zaidi, furaha haikumpa nafasi. Alipita kwanza kwenye duka la Mgiriki akanunua gauni jeupe la mtoto, akikisia ukubwa kwa viganja vyake, akaenda nyumbani akiwa amelishika mbele yake kama sinia.

Watu wa mjini hawakuwa wamemdanganya. Jina la mtoto halimtoki mzazi, hata mtoto akishatoka duniani. Zaituni alikuwa amezaliwa, amejifunza kutembea, na amekufa kwa homa katika masika yaleyale ambayo Isamu alikufa Burma.

Wajomba walimpeleka makaburini siku hiyohiyo. Alisoma Fatiha katikati ya kundi la mabega, macho yake chini, akarudi. Kesho yake akaripoti hospitali. Madina aliliweka gauni sandukuni. Mtoto mwingine hawakujaliwa. Kuhusu yule wa kwanza, yeye hakuuliza na mkewe hakusema, na kati yao pakaota ukimya mpole, wa kuheshimiana, ambao mgeni angeweza kuudhania amani.

Ni katika ukimya huo safari ya Kurohazama ilipoanza kuchorwa.

Na Madina, ni haki kusema, aliipenda. Alitaka kujua watu wa kule hula nini. Alipoambiwa ni wali na samaki, alipiga makofi.

"Bon! Basi hauendi mbali."

Nassoro alimweleza kwamba ingebidi afike mwezi wa kumi, kwa sababu Isamu alikuwa ameonyesha, kwa damu ya bendeji yake mwenyewe, jinsi majani ya korongo lote yanavyogeuka mekundu wakati huo, na maji yanavyotulia hata mashua ikapita salama.

"Majani ikikuwa nyekundu, ile muti iko mugonjwa," alisema Madina.

"Hapana. Ndiyo uzuri wake. Watu wanatoka mbali kuja kuangalia."

"Wanatoka mbali kuangalia mugonjwa? Basi waje kwenu hospitali."

Serikali ilichukua miaka kumpa pasi. Mwishowe ilitoka, kwa ajili ya medali yake ya vita. Binamu yake wa Ujiji alimpatia kazi ya uuguzi katika meli iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Bombay na mbele zaidi. Hospitali ilimruhusu. Kilichobaki kilikuwa ni viatu, na viatu vilikuwa taabu, maana vidole vya miguu ya Nassoro vilipandana tangu kuzaliwa, kidole cha pili kikiwa kimelala juu ya kile kikubwa, na hakuna kiatu kilichowahi kumkubali.

"Angalia Mujapani wetu anavyochechemea!" Hilaire, mwuguzi mwenzake, alimlaki wodini siku alipovivaa kwa mara ya kwanza. "Na bado iko Kisangani. Ukifika Bukavu utakuwa unatambaa."

"Vitalegea, Hilaire."

"Peleka kwanga ya muhogo, vieux. Mbili, tatu. Ukikosa chakula, unakula. Ukikosa kiatu, unafunga mu miguu. Ile haichakai." Kisha, kwa sauti nyingine, alisema, "Na Mama Zaituni? Anasema nini?"

"Anafurahi. Ananisaidia kupanga."

Hilaire aliangalia sindano alizokuwa akizichemsha.

Ijumaa moja, siku kumi kabla ya kuondoka, Madina aliacha ungo wake, akaja akachuchumaa kando ya ukuta, karibu na Japani.

"Ile siku utafika kwa mama yake," alisema, "atakuuliza nini?"

"Atauliza mutoto wake alikufa namna gani. Mama yeyote atauliza hivyo."

"Na utamuambia?"

"Yote. Kwamba hakuwa peke yake. Kwamba nilimushika kichwa, nikamupa maji na kijiko. Kwamba mvua ilikuwa inanyesha, na aliimba kidogo mbele ya kufa. Nimejifunza kusema kwa Kiingereza, polepole, mkalimani asikose."

"Umejifunza vizuri."

"Miaka kumi, Mama Zaituni. Sijasahau hata kitu kimoja."

Madina aliutazama mchoro wa mkaa. Kuku alikuja, akamfukuza kwa kiganja. "Ndiyo," alisema. "Umejifunza vizuri sana." Akainuka akarudi kwenye mchele wake, na Nassoro, aliyekuwa akitafuta mahali pa kupitisha garimoshi la milimani, hakuona kitu.

Alhamisi iliyofuata, lori likiwa linatarajiwa kuondoka Jumatatu, alianza kufunga sanduku. Aliweka sare, pasi, na kikapu kidogo cha Wagenia alichotengenezewa kama zawadi ya mama yule. Alipoteremsha kopo la plasta kutoka juu ya kabati, mkono wake ulijua kabla yake. Kucha zilizoea kulia humo ndani kama punje za mchele. Kopo halikulia.

Madina alikuwa uani, akichochea moto.

"Mama Zaituni. Vitu vya humu ndani viko wapi?"

"Nimezika."

"Umezika?"

"Nywele ya mutu na kucha yake inazikwa. Unajua, hata marehemu mama yako alikufundisha. Yako wewe nikikata, natupa? Nazika. Ile ya maiti ndio ikae juu ya kabati, karibu na sukari?"

"Ilikuwa ya mama yake!" Hakuwahi kumpigia kelele katika ndoa yao yote, na sauti ilimtoka ikiwa nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Najua ilikuwa ya mama yake."

"Umezika wapi?"

Madina aliweka chini kijiti. "Kwa Zaituni. Tangu Jumapili. Nimefunga mu ile gauni mweupe, kwa sababu ilikuwa nguo mupya, haijavaliwa na mutu. Nimesoma ile ninajua kusoma."

Nassoro hakungoja zaidi. Alichukua jembe nyuma ya jiko na kutoka, viatu vya safari miguuni, akachechemea hadi kwenye makaburi ya Waislamu. Njiani alijipangia kazi kwa utaratibu, kama alivyozoea kupanga kila kitu: nywele hazingekuwa zimeoza kwa siku nne, kucha zisingeoza kabisa, angezisafisha, angezikausha juani, na Jumatatu angepanda lori. Moyo ulikuwa umeanza kumtulia alipovuka ua wa michongoma.

Ndipo aliposimama.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatatu, na udongo wote ulikuwa na sura moja. Makaburi ya watoto yalikuwa mengi, vilima vifupi vya urefu wa mkono, vingine vikiwa na jiwe, vingine na bakuli lililopinduliwa, vingine bila chochote. Alikumbuka mti. Palikuwa na miti mitano. Alikumbuka mabega ya wajomba. Alikwenda kulia, akarudi. Akainama kwenye kilima kimoja kilichoonekana kimeguswa, akaona ni kazi ya mchwa. Akaenda kwingine. Mtu huyu angeweza, macho yakiwa yamefumbwa, kukwambia ni kituo gani cha garimoshi unachoshukia kule Japani, na ukishuka ushike mkono gani wa mto, na ni penye mwamba gani mwenye mashua huanza kuimba. Alizunguka humo hadi jasho likamlowesha shati. Mwishowe alichagua kilima kimoja chini ya mti wa tatu, kwa sababu ilibidi achague, akainua jembe.

"Hapo umesimama kwa mutoto wa wengine."

Madina alikuwa nyuma yake, kitenge kimefunika kichwa. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomvunja: sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kumwambia kwamba kuku wamechafua Japani. Alimpita, akaenda upande wa pili kabisa, ng'ambo ya njia, kwenye kilima kilichopaliliwa vizuri na kuzungushiwa vigae vya chungu.

"Iko hapa. Haiko chini sana, iko karibu na kichwa yake. Chimba, sitakukataza."

Nassoro alikuja. Aliviangalia vigae, vingine vimefifia kwa miaka, vingine vipya, na akaelewa kwamba mkewe alikuwa akija hapa wakati wote ule, huenda Ijumaa hizohizo alipokuwa yeye katika zamu ya jioni. Alishika mpini kwa mikono miwili. Kisha akaulaza chini, taratibu, kama mtu anayelaza kitu kinachosikia maumivu, akakaa juu ya udongo mbichi.

"Mama yake atangoja," alisema.

"Atangoja," Madina alikubali, akikaa pia. "Miye nilingoja. Umejifunza kwa Kiingereza kumuambia mama wa kule namna mutoto wake alikufa. Wangu, sijaulizwa na mutu. Hata kwa Kingwana chetu."

Nassoro aliutazama udongo. Alitafuta swali, na la kwanza lililomjia lilikuwa lile alilowauliza akina mama wote wodini. "Joto... joto ilianza siku gani?"

"Usiniulize kama munganga, Papa Zaituni."

Akaokota kigae kilichoanguka, akakirudisha mahali pake. Mbali, upande wa mto, lori lilikuwa likipanda kutoka gatini kwa gia nzito. Lilipofika juu, Nassoro aliuliza tena.

"Alikuwa anafanana na nani?"

Madina alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao mabega yalikwisha kuusahau. "Uso, wangu. Sikio, za mama yako. Lakini miguu..." Alicheka, na kicheko kikamkwama katikati. "Miguu ilikuwa yako. Ile mibaya. Vidole vimepandana vilevile. Nilisema, masikini, huyu hakuna kiatu itamukubali. Nilikuwa navifungua kimoja kimoja, namuosha, navyo vinarudi."

Nassoro aliinama. Alifungua kamba za kiatu chake kipya, akakivua, akautoa mguu nje, akauangalia chini ya mwanga wa jioni.

"Hivi?" aliuliza.

Madina alinyoosha mkono, akakiinua kile kidole cha pili kutoka juu ya kikubwa, akakiachia, kikarudi mahali pake.

"Hivyo," alisema. "Hivyohivyo."