Hesabu ya Wawili Wawili

Watu wengine wakisafiri huhesabu vichwa. Kundi hili lilihesabu ndoa. Kabla gari halijaondoka popote, Dereva alishika usukani akauliza kwa sauti kubwa, "Wote?" na kila mume akajibu kwa niaba ya nyumba yake: "Wawili!" "Wawili!" Majibu yakitimia, safari ikaanza.

Usicheke. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake. Katika safari yao ya kwanza, wakiwa bado vijana, walimsahau Bonge kwenye kituo cha mafuta, na Bonge si sindano. Ni muuza nyama mwenye mabega ya kuziba mlango, na bado walimwacha amesimama na soda mkononi. Mkewe alikuwa amesinzia na wengine walidhani yuko nyuma kwenye mizigo. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema, lakini siku ile liliharibika. Tangu hapo Dereva akatoa amri kwamba kila mwanamume ajibu yeye na wake, na hakuna aliyepotea tena.

Mwenye jibu la pekee alikuwa Taratibu. Huyu alikuwa fundi saa, na kama kuna fundi saa mwingine duniani aliyechelewa kila mahali kama yeye, bado hajajitokeza. Mkewe alikuwa mshonaji, wakamwita Mama Vifungo kwa sababu hakutoka nyumbani bila sindano, uzi na kopo la vifungo. Naye alikuwa na ugonjwa wake: hawezi kuondoka kwenye nyumba kabla hajazunguka kufunga madirisha na kuangalia jiko mara ya pili. Basi kila safari, wenzao wakiwa wameshakaa, Taratibu alijibu, "Wawili! Mmoja anakuja." Watu wakacheka, wakamsubiri, naye Mama Vifungo akaja zake huku anajifuta mikono kwenye gauni.

Miaka mingi hakuwahi kuharakisha. Wa nini wasiwasi, na nafasi yake ilikuwa na mlinzi?

Taratibu alifariki mvua za mwaka jana. Mwaka huu kundi lilipopanga tena kwenda shamba, kwenye nyumba ile ile ya kukodi chini ya vilima, mke wa Dereva, ambaye ni nesi, alimpigia simu Mama Vifungo. "Na wewe unakuja, bila shaka," alimwambia. Mama Vifungo akasema ndiyo kabla hajafikiri.

Binti yake ndiye aliyefikiri kwa niaba yake. "Mama, wale ni rafiki za baba."

"Na mimi je? Nimewapikia miaka yote hiyo."

"Umewapikia, sikatai."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Kwa hiyo msidhani alikwenda kupunga upepo. Alikwenda kujua jambo moja tu: kama bado yeye ni wao, au alikuwa wa Taratibu na mambo yameishia hapo. Wanaume wote watatu, Dereva, Bonge na Mwalimu, walimwita shemeji. Sasa ushemeji wenyewe unasimamia wapi, mwenye kuuleta akiwa kaburini? Hilo lilimtafuna kuliko hata upweke wa kitanda.

Siku ya kuondoka aliwahi kupanda garini. Alikaa kwenye kiti chao cha siku zote, cha watu wawili, upande wa dirishani. Nusu ya pili waliweka shuka na mito. Dereva akauliza, "Wote?" Bonge akajibu, Mwalimu akajibu, Dereva akajijibu mwenyewe. Mama Vifungo alifungua mdomo, na hakujua neno la kutoa. Ni Nesi aliyegeuka kule mbele. "Na shemeji yenu yupo, nimemwona." Gari likaondoka. Mama Vifungo alimshukuru Nesi moyoni, na papo hapo akaona haya, kama mtu aliyelipiwa nauli mbele za watu.

Mvua iliwapokea njiani na haikuwaacha. Walikuwa wamepanga kupanda kilima, wamepanga kuvua samaki bwawani, Mwalimu amenunua hadi kofia. Kilima chenyewe hawakukiona, kilikuwa kimejifunika ukungu. Bwawa lilipanda hadi kwenye uzio wa ng'ombe. Ikabaki nyumba, na watu ndani yake, na sauti ya bati.

Chumba cha nne, kile walichozoea kulala Taratibu na mkewe, kilikuwa kinavuja. Palikuwa na ndoo katikati ya godoro. Watu walisimama mlangoni wakaitazama ile ndoo, kisha mke wa Mwalimu akasema kwa upole kabisa, "Lakini wewe uko peke yako, kochi la sebuleni litakutosha." Na kweli lilimtosha. Alilala pale, akiamka wa kwanza ili wengine wakitoka vyumbani wakute shuka zimekunjwa na chai iko tayari. Haikuwa shida. Shida ni kwamba kila asubuhi walitoka wawili wawili wakipiga miayo, wakinong'onezana mambo ya usiku, na yeye akiwapa vikombe kama mwenye mgahawa.

Mchana walicheza karata, mume na mke dhidi ya mume na mke. "Shemeji, wewe uwe refa," alisema Bonge. "Tunahitaji mtu wa haki, hawa ni wezi." Mama Vifungo akawa refa. Mke wa Bonge aliiba karata waziwazi, akaikalia, na refa akapuliza kipenga cha mdomo, watu wakafa kwa kicheko. Alicheka na yeye. Alikuwa anajua kuchekesha, na walimpenda kwa hilo, ila refa hana mwenzake wa kumkonyeza.

Wema haukupungua, hilo tuliseme wazi wasije wakaonekana wabaya. Nesi alimuuliza habari za presha yake. Mwalimu alimpa koti. Yeye naye aliwashonea: zipu ya begi, kifungo cha shati la Dereva, pindo la pazia la nyumba isiyo yao. Kitu kimoja tu hawakumpa. Hakuna aliyemtaja Taratibu.

Siku moja alikuwa jikoni akasikia Bonge anasimulia kwa sauti yake ya buchani: namna Taratibu alivyoanguka bwawani akiwa ameinua mkono juu ili saa ya mteja isilowe. Sebule nzima ilikuwa inalia kwa kucheka. Mama Vifungo alibeba sinia la chai haraka haraka, maji yanamwagika, anataka kuwahi mwisho wa kisa, kwa sababu mwisho wake anaujua yeye: saa ile ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Alipoingia, kimya. Bonge alikohoa.

"Tulikuwa tunaongea mambo ya mpira, shemeji."

"Nani kafunga?" akauliza.

Wakapokea vikombe. Walidhani wanamhurumia, na labda ni kweli walimhurumia, lakini huruma gani hiyo ya kumficha mtu mume wake? Alirudi jikoni, akasimama akitazama mvua ikichimba vishimo kwenye tope la bustani, akalia kidogo, kisha akaosha sinia ambalo halikuwa chafu.

Mvua ilipopungua siku moja wakatoka hadi dukani, njia panda. "Wote?" "Wawili!" "Wawili!" Na Nesi tena, bila kugeuka: "Na shemeji yupo."

Asubuhi ya kurudi nyumbani Nesi aliamka na mafua makali. Alimeza dawa, akajikunja kiti cha mbele na kanga kichwani, akalala fofofo kabla mizigo haijapakiwa. Mama Vifungo aliweka begi lake kwenye kiti chake, simu ikiwa ndani ya begi, akarudi mbio ndani. Dirisha la chumba cha nne lilikuwa halishiki komeo, na upepo ulikuwa unalipiga. Angeliachaje hivyo? Akatoa uzi mnene kwenye kopo lake, akaufunga mkono wa dirisha, akazungusha, akakaza fundo kwa meno.

Akasikia mlango wa gari ukifungwa. Hakuharakisha. Kwa mbali, ndani ya mvua, akasikia ile sauti anayoijua: "Wote?" Na majibu yake: "Wawili!" "Wawili!" Mikono yake ikaendelea na fundo. Ndani kabisa, pale ambapo akili haijafikiwa na habari za msiba, alikuwa anasubiri kusikia, "Mmoja anakuja."

Injini ikanguruma, ikasogea, ikafifia.

Alipofika barazani, uwanja ulikuwa mtupu, una mistari miwili ya matairi inayojaa maji. Kwanza alicheka. Bonge huyo, alijiambia, ananitania, wamejificha kwenye kona. Akasimama akitabasamu peke yake ili wakirudi nyuma wamkute hajakasirika. Kona ikabaki kona. Tabasamu likaanza kumuuma mashavu, akaliondoa.

Akakaa kwenye kiti cha baraza. Hakuwa na mwavuli wala simu, wala pa kwenda. Kwa muda alisikia hasira, na hasira ilimfaa, ilimpa joto. Kisha ikaisha, akabaki na ukweli: hesabu yao haikukosea. Nyumba tatu, majibu matatu. Asiyekuwepo na lake halipo, na yeye hakuwepo tangu safari ilipoanza. Nesi alikuwa akimkumbuka, na Nesi amelala.

"Umeniona, Taratibu?" alisema kwa sauti. "Umeona walivyonifanya?" Mvua ikajibu juu ya bati, na yeye akajuta kuuliza.

Kisha akaweka ahadi na nafsi yake, kama watu wazima wanavyofanya wakiwa wamebanwa. Watagundua. Wakigundua watarudi, na wakirudi kwa ajili yangu, nitawasamehe hata kabla hawajazima gari, na mwakani nitakuja tena. Aliitamka hivyo hivyo, mdomo ukitikisika kwa baridi.

Na gari likarudi!

Alilisikia kabla hajaliona, linahangaika kwenye tope. Alisimama, akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio. Mlango ukafunguliwa, Bonge akashuka na koti kichwani, akaja akikimbia na kuteleza, mzito, anahema. Mama Vifungo alinyoosha mikono amshike asianguke ngazini.

"Ah! Shemeji!" Bonge akashangaa. "Umenitangulia! Una miguu myepesi wewe. Kumbe na wewe umelikumbuka?"

"Nimekumbuka nini?"

"Sufuria! Sufuria la mama mkwe. Tumefika lami ndipo mke wangu kapiga kelele. Nikirudi bila lile sufuria, sina ndoa." Akampita, akaingia jikoni, vyombo vikagongana, akatoka amelikumbatia kifuani. "Twende, twende, unalowa!"

Alimshika mkono, wakakimbia wote wawili kwenye mvua. Ndani ya gari kulikuwa na joto na harufu ya nguo mbichi. Mke wa Bonge alilipokea sufuria kwa shangwe, mke wa Mwalimu akapiga makofi. Mwalimu akamwambia Mama Vifungo, "Pole, shemeji, ungemwachia Bonge alifuate mwenyewe," akasogeza magoti apite. Alipita. Begi lake lilikuwa pale pale dirishani, limekaa vizuri.

Sufuria lilikumbukwa.

Dereva alifuta kioo kwa kiganja. "Haya, jamani. Wote?"

"Wawili!" Bonge, bado anahema.

"Wawili!" Mwalimu.

"Na sisi wawili," Dereva akasema, akimtazama mkewe aliyelala, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Mmoja," akasema Mama Vifungo.

Hakupaza sauti. Lakini neno hilo halikuwahi kusikika ndani ya gari lile likiwa peke yake, na kila mtu alilisikia. Mkono wa Dereva ukabaki hewani. Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu enzi za Bonge na soda yake, akahesabu vichwa. Macho yake yakafika kwenye mtandio uliolowa, kwenye viatu vyenye tope bichi juu ya tope lililokauka, kwenye uzi uliobaki umejizungusha kidoleni.

"Shemeji," alisema polepole, "wewe ulikuwa..."

"Nilikuwa barazani. Mliniacha."

Mke wa Bonge aliziba mdomo. Nesi alifumbua macho, akauliza kuna nini. Bonge alilitazama sufuria kama ndilo shahidi, kisha akamtazama Mama Vifungo, na uso wake mpana ukaanza kuvunjika.

"Taratibu ndiye alikuwa anasema," akanong'ona. "Si ndiye alikuwa anasema, mmoja anakuja? Mimi nilidhani... sikusikia... Taratibu ndiye alikuwa anasema."

Jina hilo. Alilingoja likizo nzima, alingoja mtu mmoja tu alitamke mbele yake, na sasa limekuja, na limekuja kama utetezi. Alidhani angefurahi. Kilichomjia ni uchovu, na chini ya uchovu, kitu kigumu kidogo, kama kifungo mtu anachokipapasa kwenye kona ya mfuko.

"Ndiyo," alisema. "Yeye ndiye alikuwa anasema. Sasa nasema mwenyewe. Washa gari, shemeji, tutakwama."

Dereva akawasha. Njia nzima hadi lami, na hata baada ya lami, walizungumza kwa sauti za hospitalini. Mama Vifungo alilitoa begi dirishani, akaliweka chini miguuni. Akaziondoa shuka na mito kwenye ile nusu ya pili, akampa Mwalimu azishike. Kisha akasogea, akakaa katikati ya kiti.