Majina Kumi na Mawili ya Radi

Uwanja wa Radi, klabu ya mpira wa kikapu, waliujenga wachezaji wenyewe, mwaka 1957, nyuma ya nyumba za mwisho za Katuba, mtaa wa Waafrika pembeni mwa mji. Walibomoa vichuguu viwili, wakasomba udongo kwa toroli, wakaumwagia maji na kuukanyaga kwa miguu mitupu juma zima, wakiimba. Udongo wa kichuguu ukikauka ni kama saruji. Mpira unadunda juu yake vizuri mpaka mvua ya kwanza. Mvua ikishanyesha, kazi inaanza upya. Clément Chileshe, mchomeleaji wa vyuma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia matopeni na wa mwisho kutoka. Alikuwa rais wa klabu, kocha wake na fundi wake, maana hakuna mwingine aliyezitaka kazi hizo.

Tajiri wa karakana alikofanya kazi, Monsieur Lambrechts, aliupenda mpira wa kikapu kuliko alivyoipenda misa. Aliwaajiri wachezaji sita wa Radi, akawaruhusu kutoka saa tisa kila Jumanne na Alhamisi kwenda mazoezini, akawanunulia viatu wote kumi na wawili. Wakishinda, kila mchezaji alirudi kwake na mfuko wa unga. Watu wa mtaani wakawa wanasema wale vijana hawachezi tena, wanafanya kazi. Na kweli walifanya kazi: wakapanda daraja mwaka 1959, na mwaka 1961 wakafika fainali ya mji mzima. Hakuna timu ya mitaa ya Waafrika iliyokuwa imefika huko.

Aliyewafikisha alikuwa Émile Ntumba, karani wa stoo, mtu mrefu wa mkono wa kushoto ambaye alitoa pasi akiwa anatazama kwingine kabisa. Wazazi wake walikuja na reli kutoka Kasai. Yeye alizaliwa hapahapa mjini, akabatizwa hapa, akaoa hapa. Alikuwa mdogo kwa Clément kwa miaka tisa, na hakuwahi kumwita jina lake tupu, alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa.

Lakini mwaka huo wa 1961 nchi ilikuwa imekatika. Katanga ilikwishajitangaza kuwa dola yake yenyewe, na sokoni watu walianza kuulizana maswali ambayo zamani hayakuwa na maana: wewe ni wa wapi, baba yako alitoka wapi, na utarudi lini. Waliotoka Kasai ndio walioulizwa zaidi. Mwanzoni mwa Agosti, ofisi moja ya michezo huko mjini ikatuma fomu kwa kila klabu. Majina ya wachezaji, umri, anwani, na mwishoni safu ya nne: asili. Klabu isiyojaza haitacheza fainali.

Clément aliiweka fomu juu ya meza ya chakula, akachonga penseli, akaandika majina kumi na mawili. Mkewe, Jeanne, alikuwa akichambua mboga. Akasimama nyuma yake akasoma, akamwita kwa jina la mtoto wao.

“Baba Mwansa, ile colonne ya ine iko ya nini?”

“Formalité tu, karatasi ya kawaida.”

“Asili ya muntu njo inaingiza mupira mu panier?”

“Jeanne, bakikosa hii karatasi, hatuchezi. Myaka ine tunakanyaga matope, halafu tusicheze?”

“Andika Katuba kwa bote. Si bote banakaa Katuba?”

“Ile ni anwani. Banataka muji ya batata, kule baba zao balitoka.”

Jeanne alirudi kwenye mboga zake, lakini alizichambua kwa nguvu, na Clément aliisikia ile nguvu.

Kesho yake mazoezini alimpitia mchezaji mmoja mmoja. Émile alicheka. “Yaya, miye muji yangu ni hii tu.”

“Banataka ya tata yako.”

“Basi andika Luputa. Ukifika kule siku moja, utaniambia kama kuko kuzuri.”

Akaandika Luputa. Akaandika na ya wengine wanne waliotoka Kasai, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, bila kufuta hata herufi moja. Akaipeleka fomu kwa baiskeli siku ileile, akapigiwa muhuri, akarudi akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Fainali ilipangwa Jumapili ya kwanza ya Septemba. Jumamosi ya wiki iliyotangulia, Clément akiwa karakana, kundi la vijana lilipita Katuba na minyororo ya baiskeli mkononi. Hawakuuliza njia. Mmoja alishika karatasi iliyopigwa taipu, akasoma jina na namba ya nyumba, wakaingia. Kwa Émile walivunja mlango, wakatoa kitanda na kabati uani, wakawasha moto. Mkewe Delphine aliruka ukuta wa jirani na mtoto mgongoni. Jioni, wachezaji wote watano walikuwa wameshaondoka na jamaa zao, kwenda upande wa kambi walimokuwa wanalundikana watu wa Kasai karibu na askari wa Umoja wa Mataifa.

Jeanne alimngoja mumewe mlangoni.

“Niliiona ile karatasi,” alisema. “Balipita hapa mbele. Iko majina kumi na mbili, sawasawa na yako, kufuatana vile weye uliandika. Tano bametia rangi nyekundu.”

Clément alikaa chini palepale kizingitini, na viatu vya kazi miguuni.

Jumatatu alikwenda ofisini. Karani alikuwa kijana mwenye tai, mwenye adabu.

“Fomu yetu iko wapi?” Clément aliuliza.

“Mu armoire, na zingine zote.” Karani alionyesha kabati nyuma yake.

“Sasa bale bavijana balipata wapi majina?”

“Président, unanishitaki miye?”

“Ninauliza.”

“Mimi sijui bavijana. Ninayua match. Jumapili saa kumi. Muko tayari?”

“Nimebakia na bachezaji saba.”

“Règlement inasema munane. Bakiwa chini ya pale, forfait, mumeshindwa bila kucheza.”

“Basi niandikishe mumoja mupya leo.”

“Kuandikisha kulifungwa mwezi wa Sita.” Karani alifungua daftari amwonyeshe, na kweli ilikuwa hivyo, kwa maandishi, na muhuri. Clément alitaka kupiga meza. Alitaka kumshika yule kijana tai. Lakini alishukuru, akatoka, na nje akaipiga teke baiskeli yake mwenyewe mpaka mnyororo ukatoka.

Jumapili walikwenda saba. Hawakuweza kukaa nyumbani. Walivaa jezi, wakasimama mstari. Timu ya mjini ikatupa mpira mara moja kwenye kikapu kitupu, refa akapuliza filimbi, akaandika mbili kwa sifuri. Watu waliokuja kutoka Katuba kwa miguu walizomea, hawajui wamzomee nani. Baadhi yao walimzomea Clément.

Baadaye mwezi huo vita vikaingia mjini, njia zikafungwa, na ilikuwa Oktoba alipoweza kwenda kambini. Alikuwa amesikia kwamba Émile anafundisha watoto kule kikapu, bila kikapu. Akachomelea pete mbili za chuma, za kikapu, kwa mikono yake, akazifunga kwenye baiskeli. Askari kwenye kizuizi akazitazama, akatikisa kichwa: chuma hakiingii. Alirudi Alhamisi iliyofuata, akakataliwa. Mara ya tatu alimkuta askari wa Ethiopia aliyeuelewa mpira huo. Alicheka, akarusha mkono hewani kama anafunga. Akaruhusu pete moja. Ya pili akaibakiza, kana kwamba pete moja ni mchezo na mbili ni silaha. Clément alibishana robo saa nzima kwa ishara, akashindwa.

Alimkuta Émile kati ya vibanda vya magunia na mabati, amekonda, anasimamia foleni ya maji. Émile hakumwita Yaya.

“Bonjour, Monsieur Chileshe.”

“Émile. Nilikuleteya hii.”

Émile aliipokea pete, akaigeuza, akapitisha kidole pale chuma kilipounganishwa. “Soudure ni muzuri.”

“Émile, sikuyua. Nakuapia. Balisema ni formalité, nami nilitaka tu tucheze ile finale...”

“Ninayua ulitaka tucheze.” Alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Clément zaidi. “Ulituandika muzuri, Monsieur Chileshe. Hata Luputa, bantu bengi banakosea. Weye hukukosea.”

“Nifanye nini sasa?”

“Sijui. Delphine iko mugonjwa, mutoto anakohoa, na hii foleni haitembei. Usiniulize tena miye nikutafutie ya kufanya.”

Clément alijitolea kuifunga pete kwenye nguzo. Émile akasema wataifunga wenyewe. Foleni ikasogea, na Émile akasogea nayo.

Nyumbani Jeanne aliuliza, “Alisema nini?”

“Alisema soudure ni muzuri.”

Alirudi kambini mara nne nyingine. Mara mbili hakumpata, mara moja alimwona kwa mbali akicheza na hakumwita, na mara ya nne, katikati ya mwaka 1962, kibanda kilikuwa kitupu. Mama mmoja aliyekuwa akifunga mizigo yake alimwambia kwamba watu wa safu ile ya vibanda waliondoka na treni juzi.

“Balienda Luputa?” Clément aliuliza.

“Balienda Kasai,” yule mama alijibu. “Kule bakifika, kila mumoja atatafuta muji yake.”

Mwaka huohuo Monsieur Lambrechts alifunga karakana akahamia Rhodesia, na Radi ikabaki bila viatu wala saa tisa za Alhamisi. Wachezaji wakaja sita, kisha wanne. Mvua za Novemba zikaukata uwanja katikati. Clément alikwenda mara moja na koleo, akachimba udongo wa kutosha toroli moja, akatazama jinsi ulivyo mchache mbele ya ule ufa. Akaumwaga palepale alipokuwa amesimama, akaenda zake.