Mkono Usiotulia

Baba yangu alikuwa mtu wa kula kwa saa. Saa sita juu ya alama, supu. Saa kumi na mbili, mkate na jibini. Wala haikuwa saa ya ukutani au ya kanisa. Ilikuwa saa yake ya mkononi, ile aliyoiunga mwenyewe kiwandani akiwa kijana. Kwa hiyo ilipoanza kusimama, naye akaacha kula. Muuguzi anayepita nyumbani kwake alinipigia simu Geneva: sahani zinarudi zimejaa, mzee anasema wakati bado.

Jumamosi nilipanda treni ya kwanza nikiwa nimewaka. Mtu na akili zake, fundi saa, afe njaa kwa ajili ya kidude cha chuma. Treni ya bondeni kwetu haina haraka na mtu, nami kukaa sikuweza. Nilitembea kati ya viti mpaka bwana mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa naogopa, basi. Nilikuwa naogopa kumkuta amekwisha.

Nikapitia kwanza dukani kwa Huguette Meylan, niliyesoma naye.

"Nipe saa ya mwanamume," nikamwambia. "Upesi, nataka kufika nyumbani kabla ya saa sita."

"Odile wee, hata salamu? Unataka ya mashine gani?"

"Inayotembea."

"Zote zinatembea, bibie. Uliza zinatembezwa na nani." Akapanga tatu juu ya kitambaa. "Hii unaitia ufunguo kwa vidole kila asubuhi. Hii inajitia yenyewe. Ndani mna kipande kizito, ukichezesha mkono kinazunguka. Hii ya betri, haimhitaji mtu. Mvaaji nani?"

"Baba."

Akashusha macho. Bonde zima lilijua Fernand Reymond anashinda kitini dirishani, mikono imelala juu ya blanketi.

"Vidole vyake?"

"Vimekakamaa. Kifungo cha shati hawezi."

"Na ile yake ni ya kujitia yenyewe. Basi haijaharibika, Odile. Mkono ndio hauchezi."

Nilijua. Binti wa fundi nisijue? Lakini kuambiwa dukani, mchana kweupe, kulinichoma.

"Nipe ya betri."

"Kwa mzee Fernand? Wewe una wazimu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Saa za betri zilipoingia, kiwanda cha baba kilifungwa, na fundi mwenye mikono ya dhahabu akaenda kumenya magome ya misonobari, yale ya kufungia jibini. Kwetu hata saa ya jikoni hutiwa ufunguo. Nikachagua yenye sura ya kizee, nikajipa moyo kwamba macho yake yamechoka.

Nyumbani sikuvua hata koti. Nilimvalisha, yeye akaitazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Mshale wa sekunde unaruka kama kiroboto," akasema. "Saa ya watu mshale wake huteleza. Umeniletea mgeni gani huyu?"

"Baba, nataka ule tu."

"Nimemenya magome miaka kumi kwa sababu ya mdudu huyu, leo unanifunga naye mkononi. Mtoe."

Nikamtoa. Nikavuta pazia, nikalirudisha. Nikasogeza kiti kisichomsumbua mtu. Hasira ilinijaa, na nyuma ya hasira machozi, nami sikutaka ayaone.

Baba alikuwa ananifuata kwa macho.

"Mama yako alisema wewe hata tumboni hukutulia," akasema. "Chukua ile yangu hapo mezani. Vaa."

"Na wewe utavaa nini?"

"Sivai. Nitakuuliza wewe."

"Mimi nakaa Geneva, Baba."

"Najua unakokaa."

Nikaifunga mkononi. Ilikuwa kubwa, inaning'inia. Nikairekebisha kwa saa ya jikoni, nikapasha supu, nikakata mkate, nikatafuta kijiko katika droo zote, na muda wote huo nikaisikia ikitembea. Treni yangu ya kurudi ilikuwa ya kabla ya saa saba.

"Saa ngapi?" akauliza kutoka chumbani.

"Saa sita juu ya alama."

"Basi lete supu."

Nilimlisha kijiko kwa kijiko. Alikula yote, akaniomba mkate afutie sahani. Huko chini treni ikapiga honi ikiingia stesheni. Nikainuka nusu, mkono tayari kwenye mkoba.

"Na kesho," baba akasema, akitazama nje, "nitamwuliza nani?"

Treni ikaondoka.

"Mimi," nikasema, nikavua koti.