Kichochoro Uani

Gulab alikuwa anachambua dengu huku akipanga safari ya siku mbili ya Jodhpur. Mwanawe Mahipal alishika simu, akiandika ratiba. Kesar, mke wa Mahipal, alikanda unga. Jumamosi ngome na mnara wa saa, jioni kununua viatu vya ngozi.

"Na kwa baba?" Kesar aliuliza.

Baba yake aliishi peke yake katika kichochoro cha Jodhpur, jicho moja limeshazibwa na mtoto wa jicho, la pili liko njiani. Alitaka kumwona binti yake angali anaona. Kwetu Kota, binti aliyeolewa hurudi kwao kaka akija kumchukua. Kesar hakuwa na kaka.

"Jumapili tupite kidogo," alisema Mahipal.

"Jumapili tuna bustani," Gulab akamkata. "Tukianza kuzunguka vichochoro vya watu, mji tutauona saa ngapi? Futa hiyo."

Mahipal akafuta.

Asubuhi kichochoro hicho cha Jodhpur kilikuwa uani kwa Gulab. Kuta zake za buluu zilianzia penye kamba ya kuanikia nguo zikaishia chooni, na mzee Bhanwarlal, baba yake Kesar, ameketi kizingitini kwake na mtungi wake. Sisi majirani tulikwenda kutazama, tukasema kimependeza, tukarudi kupika.

"Haya, ulikuwa unanuna bure," Gulab alimwambia Kesar. "Baba yako huyo, kakufuata mwenyewe."

Mwezi wa sita Kota ni tanuri. Kesar akamletea baba yake glasi ya maji.

"Mwanangu, hapa tuko wapi?" mzee aliuliza.

Angeweza kumdanganya. "Kota, baba. Uani kwa wakwe zangu."

Mzee akairudisha glasi bila kulowesha mdomo. Mzazi hanywi hata maji nyumbani kwa binti aliyemwoza. Mimi nina mabinti wawili, na sijawahi kunywa kwao.

"Jamani baba, kizingiti si chako?"

"Kizingiti changu, maji yao."

Kichochoro kilikuja na bomba lake. Kesar akalifungua, likakohoa vumbi. Bomba la chini ya ardhi lilikuwa limebaki Jodhpur. Akataka kumpeleka stesheni.

"Niende wapi?" mzee akasema. "Nyumba yangu si hii?"

Ijumaa Gulab na Mahipal waliondoka. Kesar aliachwa, maana safari yake ilikuwa ya kumwona baba, na baba si huyo hapo? Akakaa kizingitini akimpepea kwa upindo wa sari, analia waziwazi. Jumamosi maji ya mtungi yaliisha. Nilimpelekea mzee maji ya kwangu. Akashukuru sana, akakataa, kwa kuwa mtaa wa binti nao ni nyumba ya binti.

Jumapili jioni wasafiri walirudi na viatu vyao. Gulab alikuwa na furaha ya kweli.

"Tumepita mpaka kwenu, usije ukasema hatujali," alimwambia Kesar. "Pamebaki uwazi mzuri, una upepo huo! Mzee, hebu tazama picha."

Bhanwarlal akaisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa jicho lake zima. Akatazama kwa muda mrefu.

"Bomba limekatika," akasema. "Maji yanamwagika tu, watu wanapita."

Akameza mate. Gulab akasema safari ya mwakani, tukijaliwa, ni Udaipur. Kesar alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, glasi mkononi, imejaa.