Pilau Ng'ambo ya Mtaro

Mtu asikudanganye kwamba serikali ni moja. Mimi Namalwa, fundi wa nguo hapa Riruta, nimezizungukia zote kwa ajili ya slabu moja ya mtaro, na kila moja ilinituma kwa mwenzake.

Slabu hiyo, bamba la zege la kuvukia mtaro, ilivunjika mbele ya lango la ploti yetu. Sisi wenye miguu tuliweka ubao, tukaendelea na maisha. Lakini Bi Sahar, mama yake Mabruka muuza mahamri, anatembea kwa kiti cha magurudumu, na ubao ule ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Wapangaji walijitolea kumbeba. Akakataa katakata, alisema hakutoka Lamu kuja Nairobi ili abebwe mikononi na wanaume wasiomhusu. Basi akawa hatoki. Idd ya Kuchinja ilikuwa inakaribia, na alichotaka ni kimoja tu: kwenda kuswali Idd uwanjani pamoja na watu. Nilikuwa nikimwona amekaa langoni akitazama barabara, na roho iliniuma.

Tukaenda maofisini, mimi na Mabruka. Kiema wa barabara, huyu ni wa serikali kuu, alisema barabara ni yake lakini inaishia pale lami inapoishia. Obuya wa kaunti alikubali kwamba mtaro ni wake, ila slabu iko juu ya mtaro, haiko ndani. Muchiri, msimamizi wa wadi, alitusikiliza kwa upole sana, kisha akatueleza kwamba kazi yake ni kupeleka malalamiko juu, na ameshayapeleka. Nilitaka kumpigia kelele. Mabruka akanivuta mkono.

Bi Sahar aliposikia hayo alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Akatuagiza turudi kulekule tukawaalike wote watatu pilau, Ijumaa baada ya swala, na kila mmoja aambiwe kwamba wenzake wanakuja. Safari hii hakuna aliyesema si kazi yake.

Ijumaa walifika na viatu vya kung'aa. Ploti nzima ilinukia bizari. Walipofika mtaroni wakasimama, maana ubao haukuwepo.

"Ubao uko wapi?" Kiema akauliza.

"Chini ya sufuria," Bi Sahar akamjibu kutoka upande wa pili. "Kuni zilipungua. Karibuni, wanangu. Mimi nimeshindwa kuja kwenu, nikaona nyinyi mje kwangu."

Mtaro ule haurukiki, hasa kwa mtu mwenye kitambi. Muchiri aliupima kwa macho, akarudi nyuma. Mabruka naye akafunua sufuria kidogo, mvuke ukatoka, akafunika. Sitausahau uso wa Obuya.

Ndipo serikali zikaanza kuongea, jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa huchukua miezi. Obuya akakumbuka kwamba kuna slabu zimelala tu kwenye yadi yao, shida ni lori. Kiema alikuwa na lori limeegeshwa Kawangware, halina kazi. Muchiri akasema, "Wasee wa kubeba niachieni mimi, hao vijana ni wangu." Simu zikapigwa. Hakuna aliyeuliza lami inaishia wapi. Slabu ikalala mahali pake kabla pilau haijapoa.

Wakaingia, wakanawa mikono, wakaketi mkekani kuzunguka sinia moja. Mnajua mambo ya sinia, kila mtu hula upande wake. Hilo walilifuata vizuri mno. Kila mmoja alichimba wali wa mbele yake, na nyama yote ikabaki katikati bila kuguswa, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Kwa kawaida Mabruka ndiye huwagawia wageni nyama, lakini wakati huo mikono yake ilikuwa imeshika kiti cha mama yake. Magurudumu yalipita juu ya slabu bila hata kuyumba.

"Mama, wageni wako wanakula," Mabruka akamkumbusha.

"Nimewaona," Bi Sahar akasema. "Waache wagawane wenyewe, wameshajua. Mimi nimekaa ndani vya kutosha. Nisukume mpaka nikione hicho kiwanja cha Idd."

Nikabaki langoni nikiwatazama wakipotea kati ya watu, nacheka huku machozi yananitoka. Nyuma yangu, Obuya alikuwa ameanza kumkatia Kiema nyama.