Taa ya Samaki wa Afande

Appolinaire aliilaza taa kifudifudi juu ya meza ya kulia chakula, akafungua skrubu za mgongoni moja moja na kuzitia kwenye kifuniko cha mtungi ili zisipotee. Ilikuwa taa ndefu ya tangi la samaki, yenye vijitaa vya LED vyeupe na vya buluu, na kwa jinsi ilivyotoka kiwandani ilijua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Afande Ahimbisibwe hakuridhika na hilo. Alikuwa ameagiza kontrola kutoka Kampala, kiboksi cheusi cha kutosha kiganjani, ambacho ukikiunga kati ya taa na umeme wake kinaipa taa alfajiri, adhuhuri, magharibi na mbalamwezi. Saa za mambo hayo unazipanga kwenye simu.

Nyumba ilikuwa Nyamityobora, mjini Mbarara. Afande alikuwa kapteni, na mkewe Ketty alikuwa na duka la dawa. Dereva mmoja wa jeshi ndiye aliyewaambia kwamba kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuna Mkongomani anayejua nyaya. Appolinaire alizijua kiasi. Nyingine alizijulia palepale zikiwa mkononi.

"Fundi, hii samaki inatoka kwenu," Afande alimwambia, akigonga kioo kwa ukucha. "Ziwa Tanganyika. Iko na karatasi, iko na muhuri, kila kitu. Mpaka yote ilipita salama."

Appolinaire aliwatazama wale samaki wa mistari ya njano. "Ndiyo, Afande. Kwetu Baraka batoto banazirudishaka mu maji. Ni kidogo, haina nyama."

Ketty alicheka mpaka akashika ubavu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alikata waya uliotoka kwenye umeme kwenda kwenye taa, akaunga nyekundu ya vijitaa vyeupe mahali pake na nyekundu ya vile vya buluu mahali pake. Kisha nyaya nyeusi, ya taa, ya kontrola na ya umeme, zote tatu zilitakiwa zikutane pamoja. Bila hivyo kontrola ingesema na taa isisikie. Lakini Ketty alitaka kiboksi kikae juu ya rafu, mbali na maji yanayoruka, na waya mweusi haukufika. Ilikuwa Jumapili na maduka yalikuwa yamefungwa. Appolinaire akafungua mkoba wake.

Hapo ndipo lilipotokea kosa, na ni kosa ambalo fundi wa mjini asingelifanya, kwa kuwa fundi wa mjini hutupa vipande. Mtu wa kambini hatupi waya. Kwenye kijiji cha Appolinaire, humo kambini, nyumba kadhaa zilitumia paneli moja kubwa ya sola. Kila nyumba ilikuwa na waya wake mwekundu na swichi yake, lakini ule mweusi ulikuwa mmoja, wa wote, ukipita mlango hadi mlango. Miezi michache nyuma waliufupisha, na kipande kilichobaki Appolinaire alikikunja akakitia mkobani. Sasa akakitoa, akakimenya ncha, akakichomelea kwa risasi ya kuungia nyaya na kukizungushia tepu nyeusi. Kilitosha sawasawa, kama kilichokatwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Taa ikapambazuka polepole ndani ya tangi. Ketty akapanga saa kwenye simu ya mumewe: mwanga mweupe uanze saa nne asubuhi na uishe saa tisa mchana, baada ya hapo mbalamwezi ya buluu mpaka usiku, maana wageni huja jioni na samaki hupendeza zaidi kwenye buluu.

Kesho yake Nakivale kulipambazuka saa nne. Hakukupambazuka kote. Giza lilikaa juu ya zile nyumba za waya mmoja na mashamba yao, likaishia kwenye barabara ya murram, ile ya changarawe, na ng'ambo ya barabara migomba ya wenyeji ilikuwa kwenye jua tangu saa kumi na mbili kama kawaida. Watu walikaa milangoni wakingoja. Saa tisa mchana jua lao likafifia lote kwa pamoja bila kwenda upande wowote, na kila kitu kikawa buluu, kuku wakapanda vijitini kulala.

Goretti, mke wa Appolinaire, alikuwa shambani akipalilia. Alirudi na jembe begani akamkuta mumewe amekaa kizingitini.

"Papa Chantal, muchana imeisha."

"Ninaona."

"Saa tisa. Njo nini hii?"

Appolinaire alimweleza habari ya kile kipande cha waya. Waya ule ulikuwa umepitisha mwanga wao miaka mingi, kwa hiyo ulijua njia. Goretti alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

"Ulipeleka waya yetu mu nyumba ya afande," alisema.

"Ilikuwa kipande tu, Mama Chantal."

Goretti alikasirika, na alikuwa na haki. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa kambini, na nyumba yao ilikuwa imeondolewa kabisa kwa sababu baba ni fundi, na fundi huhesabiwa kuwa anajiweza. Walichobaki nacho ni lile shamba la maharagwe. Yalikuwa yametoka ardhini vizuri, yana majani mawili mawili. Yakizaa wangekula mpaka msimu mwingine, yasipozaa hakukuwa na mpango wa pili.

Majirani hawakumlaumu sana Appolinaire. Walimlaumu kwa jambo moja tu, kwamba hakuwaambia mapema ili waanike nguo. Baada ya wiki mbili kila mtu alikuwa amezoea. Kina mama walivuka barabara kuanika mihogo kwenye jua la wenyeji, mpaka wenyeji walipochoka kukanyagiwa shamba wakaweka miiba. Watoto walikwenda shule gizani na kurudi kwenye buluu, na katikati walisoma vizuri.

Bonaventure, mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia alikuwa katekista, alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya kambi. Ofisi ilimsikiliza kwa heshima. Walimweleza kwamba ofisi inagawa viwanja, turubai na sabuni. Mwanga haumo katika vitu inavyogawa, kwa hiyo haiwezi kuambiwa umepungua. Lakini hawakumwacha mikono mitupu. Shirika moja lilileta gari lenye viti vya plastiki, likawafundisha siku nzima, yaani masaa matano, kilimo cha uyoga. Kila aliyehudhuria alipewa fulana.

Maharagwe ya Goretti yalirefuka. Yalirefuka kwa ajabu, yakawa mabua membamba meupe yanayotafuta jua, hayana ua hata moja. Goretti aliyafungia vijiti. Kila mchana, ile buluu ilipoanza, alikaa kati ya mistari akayatazama, kisha akaingia ndani.

Basi Appolinaire akapiga moyo konde, akaenda Mbarara na waya mpya mfukoni. Afande alimkaribisha vizuri. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mbele ya tangi, hakushangaa wala hakubisha. Alikuwa amefanya kazi mikoa mingi, na amri inavyotoka mahali pamoja na kuumiza mahali pengine lilikuwa jambo analolijua.

"Toa hiyo yenu, weka mpya," alisema. "Mimi iko na shida gani?"

Appolinaire alichomoa kile kipande. Ilikuwa saa sita mchana. Simu yake ikalia hapohapo. Alikuwa Goretti, na nyuma ya sauti yake watoto wa kijiji kizima walikuwa wakilia.

"Papa Chantal, ni giza! Hata buluu haiko! Batu bamegongana mu njia, Mama Joël ameanguka na sufuria ya moto!"

"Ngoja, ninatia ingine!"

Akaunga waya mpya. Taa ya samaki ikawaka bila tatizo lolote.

"Sasa?"

"Giza! Rudisha ile ya zamani! Rudisha!"

Appolinaire alirudisha kipande cha zamani, na kwenye simu akasikia watu wakishusha pumzi, kisha majogoo. Aliketi sakafuni. Alielewa kwamba kule kwao hakukuwa na mchana mwingine tena, ni huu tu wa kwenye rafu.

"Basi tuongeze saa, Afande," aliomba. "Ianze saa kumi na mbili, iishe saa kumi na mbili. Kwako ni kugusa simu tu."

Afande alikunja uso kama mtu anayeombwa jambo gumu na rafiki. Akamwita mkewe. Ketty ndiye aliyeeleza, kwa upole, kama alivyowaeleza wateja namna ya kunywa vidonge. Aliyewauzia samaki aliwaonya kwamba mwanga mweupe ukizidi masaa matano, kioo kinaota mwani, kinakuwa kijani kote, na mgeni hawezi kuona kitu.

"Mimi si mtu mubaya, ssebo," Afande alisema, akimwita bwana kwa heshima. "Lakini ona. Nilinunua hii kitu juu ya kuangalia. Nikishindwa kuangalia, faida yake nini?"

Appolinaire alifunga mkoba wake. Aliaga. Basi alilopanda lilipokaribia kijiji, dereva aliwasha taa za mbele kwenye jua la saa kumi, maana alishazoea mpaka ulipo.

Bonaventure alisema Appolinaire alikosea kwenda peke yake, mtu mkubwa huendewa kwa ujumbe. Wakaenda watu wanne wa kijiji, Goretti akiwemo, wakabeba jogoo. Bonaventure alizungumza vizuri sana. Alimwombea Afande, akamwombea Ketty, akawaombea samaki. Ndipo akataja jua. Goretti naye akasema, akiwa amepiga magoti kwenye zulia.

"Baba, maharagi yangu haina maua. Siku hizi tunalala na uji. Nisaidie na muchana tu, chakula nitajitafutia."

Afande aliguswa, ilionekana. Alizunguka chumbani, akatazama samaki, akamtazama mkewe. Mwishowe akatoa simu yake na kutangaza kwamba kila Jumapili ataacha mwanga mweupe mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa heshima ya Mungu. Wajumbe wakapiga makofi. Bonaventure akalia machozi kabisa. Goretti alipiga makofi pia; angefanyaje?

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka nje, na baada ya misa watu walicheza ngoma kwenye jua la saa kumi na moja. Maharagwe ya Goretti yakatoa ua moja jeupe karibu na mlango, akalizungushia mawe ili kuku wasilifikie.

Jumatatu Ketty alipiga simu. Kioo kilikuwa kimeanza ukijani pembeni, kwa sababu ya ile Jumapili. Alihitaji mwanamke wa kuja kukifuta kila wiki, mwenye mkono mwepesi asiyewashtua samaki, naye alikuwa amempenda yule mama aliyepiga magoti.

"Hutaenda," alisema Appolinaire.

"Nitaenda," alisema Goretti. "Bo banasema kioo njo shida. Kama kioo haina tena uchafu, bataongeza muchana. Banakosa sababu ya kukatala."

Hesabu ile haikuwa na kasoro. Goretti alikwenda. Alikunja mikono ya gauni, akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono mpaka begani kwenye maji vuguvugu. Alifuta kwa kitambaa laini, pembe kwa pembe, akasugua mawe, akasugua mfuniko wa taa kwa ndani. Samaki wa Tanganyika walikuja kunusa vidole vyake, naye akawasemesha Kibembe, lugha ya nyumbani. Aliporudi alilala amechoka lakini ana furaha, na hilo Appolinaire hakuwa ameliona tangu siku ya waya.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, na iliyofuata pia. Alifuta hata pasipokuwa na kitu. Kioo kikawa safi kiasi kwamba mgeni mmoja wa Afande alinyoosha kidole akidhani hakuna kioo, akajigonga.

Jumatatu moja Afande alirudi mapema kutoka kambini kwake, akamkuta Goretti akikausha mikono. Aliinama mbele ya tangi, akatazama juu, chini, pembeni. Hakuona doa. Goretti alisimama nyuma yake.

"Baba, kioo iko safi," alisema. "Mwezi muzima haijakuwa kijani."

"Naona, mama. Iko safi kabisa." Afande alinyooka, uso umemfunguka kwa furaha, akamwita mkewe aje aone. "Ketty! Mimi nilisema nini? Ile masaa matano, na Jumapili yake, ndiyo dawa. Sasa hakuna mtu anagusa hii saa tena, hata mimi."

Ketty alikubali kwamba ni kweli, imekaa vizuri mno. Akampa Goretti mkate na sabuni ya kipande, akamwambia asichelewe Jumatatu ijayo. Goretti akapokea kwa mikono miwili. Ilikuwa saa tisa kasoro kidogo, na ndani ya tangi mwanga ulianza kushuka.