Kipande cha Hamza Kilichobaki Zegereni

Kaburi la Hamza lilititia tena baada ya arubaini kusomwa, katikati ya kiangazi, wakati ambapo hapakuwa na mvua ya kusingizia. Kichwani na miguuni palikuwa imara. Palipozama ni mahali lilipolala tumbo la maiti. Na udongo wa pembeni ulikuwa umevutwa ndani ukaacha ufa unaolizunguka kaburi lote, kana kwamba chini yake kuna kiganja kinachojifumba.

Mama wa marehemu, Bi Mwanahalima, alisimama kando akitazama. Mwanawe aliyebaki, Latifu, hakuweza kushika jembe, kwa maana saratani ya utumbo mpana iliyomwua kaka yake ilikuwa imekwisha kumwingia na yeye. Kazi ya kufukia ikamwangukia Shomari, mtani wa ukoo, ambaye kwa mila huruhusiwa kusema makaburini maneno ambayo mwingine angepigwa kwayo.

"Hamza, ulafi wako haukuisha tu?" alisema Shomari akimwaga toroli la udongo. "Pilau ya maulidi ulimaliza wewe, sasa unakula ardhi ya Kisarawe. Tubakizie basi, na sisi tuzikwe wapi?"

Wanawake walicheka. Shomari akaegemea koleo.

"Mama Hamza, hebu niambie. Mlinipa mtu mzima nizike, au mlinipa nusu? Maiti aliyekamilika hutulia."

"Funga mdomo wako, Shomari."

"Mimi nitafunga. Kaburi je?"

Hapakuwa na aliyecheka tena. Bi Mwanahalima alijua kwamba Hamza, alipopasuliwa, aliridhia kwa kinywa chake kipande cha uvimbe kipelekwe maabara moja ya Zegereni, huko Kibaha, ili itafutwe dawa ambayo pengine ingemfaa mdogo wake. Mama alidhani kilikwisha kuoza. Lakini maneno ya Shomari yalimtia shaka, na kesho yake alikwenda kukidai.

Mtaalamu aliyempokea alikuwa binti wa Mlandizi, jina lake Firdausi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Firdausi hakutabasamu. Alimpeleka kwenye kabati linalotunza joto la mwili, akamweleza kwa adabu. Seli za ule uvimbe zilikuwa zimepandwa ndani ya ute mzito, pamoja na seli za nyama inayouzunguka, ili ziishi jinsi zilivyoishi tumboni. Dawa hujaribiwa humo kabla ya kumgusa mgonjwa. Seli za Latifu zilipandwa zikakataa kuota. Za Hamza ziliota.

"Ugonjwa wao ni wa ukoo, mama, una asili moja. Dawa itakayoziua hizi ndiyo tutakayomtumainia Latifu."

Akafungua kabati. Ndani ya kisahani, ule ute uliokuwa umejaa hadi ukingoni ulikuwa umejivuta kutoka pande zote, umeacha ufa wa mviringo, na katikati yake pamebonyea.

"Nani ameubonyeza?"

"Hakuna mtu, mama. Seli zenyewe huuvuta, ndiyo kawaida yake." Firdausi akasita. "Lakini sijaona zinazovuta kama hizi. Kila dawa tuliyotia haikuzilegeza. Imebaki moja, na kisahani ndicho hiki tu."

Bi Mwanahalima aliutazama ule ufa, akalitambua kaburi. Akatambua na kitu kingine. Hamza alipokuwa mtoto, alikuwa akikamata shati la Latifu njiani, akikunja ngumi hadi vidole vinakakamaa. Shati lilichanika, naye hakuachia.

"Nipe nikamzike."

"Kiko hai, mama."

Mama akarudisha mkono. Kuzika kilicho hai ni dhambi isiyo na mjadala. Kukiacha ni kuliacha kaburi wazi. Na dawa ambayo ingemponya Latifu ingemwua Hamza mara ya pili. Kisha akasema, "Kalete hiyo dawa."

Firdausi alipoingia chumba cha pili, mama aliliinamia kabati, akasema kwa sauti ile ile aliyotumia nyumbani kukemea watoto:

"Hamza. Ni mimi mama yako. Umeshika vya kutosha. Mwachie mdogo wako."

Firdausi aliporudi, ute ulikuwa umetandaa hadi ukingoni, laini, kama shuka lililonyooshwa. Alikiweka kisahani chini ya hadubini akatazama, akatazama tena.

"Zimekufa zote," alisema, na dawa ingali mkononi mwake. "Mama, umefanya nini? Dawa sijatia! Hakuna nilichogundua, na hakuna kilichobaki cha kujaribia."

Jioni ile Shomari alizika kipande kile kilichoviringwa kwa sanda ndani ya kaburi la Hamza, safari hii bila mzaha. Udongo ulijaa, ukabaki umejaa. Ufa haukurudi.

Ndipo Bi Mwanahalima alipoingia chumbani kwa Latifu, akaweka kiganja juu ya tumbo lake. Uvimbe ulikuwa pale, mgumu kama ngumi iliyofumbwa.

"Mama, Kibaha wamesemaje?"

Neno lilikuwa limemfika ulimini, lile lile lililotiiwa asubuhi. Lakini cha Zegereni kilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kufa. Hiki kilichokuwa chini ya kiganja chake kingeitwa nani? Hakikuwa na jina isipokuwa jina la mwanawe. Angesema, "Latifu, achia," na nani angetii? Nyama, au mtoto?

"Mama?"

Alilimeza neno. Akampa mkono wake wa pili.

"Latifu," alisema, "shika."

Latifu akashika, kwa nguvu zote zilizombakia. Na chini ya kile kiganja kingine, tumboni, uvimbe nao ukashika.